Mita Ikisoma Sifuri

Soketi ilikuwa ya ukutani, ya kawaida kabisa, na mwenye nyumba aliniambia kwamba ilikuwa imeacha kufanya kazi tangu wiki iliyotangulia. Nilichomeka taa yangu ndogo ya majaribio, nikabonyeza swichi yake, haikuwaka. Nikalegeza skrubu mbili, nikaivuta soketi taratibu kutoka kwenye boksi lake huku taa ikiwa bado imechomekwa mbele, nikaweka ncha moja ya multimita kwenye waya wa moto, ule unaoleta umeme, na ya pili kwenye nyutro, ule unaourudisha, na kioo kikasoma sifuri. Breka, yaani swichi iliyo kwenye ubao inayokata umeme wa saketi nzima, sikuwa nimeizima. Nilijiambia kwamba hakuna haja ya kwenda hadi kwenye ubao, kwa kuwa soketi imekufa na mita yenyewe imekiri hivyo. Nilipoubana waya wa moto kwa kidole gumba na cha shahada ili niikague ncha yake, goti langu likiwa juu ya sakafu ya saruji iliyokuwa imetoka kupigwa deki, mkono ulirushwa nyuma kwa nguvu hata kiwiko kikagonga ukuta, na kwa dakika kadhaa sikuweza kushika bisibisi bila kutetemeka.

Mita haikuwa na hitilafu yoyote, na hilo lilinisumbua kuliko shoti yenyewe. Waya wa nyutro ulikuwa umechomoka katika boksi jingine lililo kati ya soketi ile na ubao wa breka, ilhali waya wa moto ulikuwa mzima na ulibeba volti zake 230 kama kawaida. Kwa sababu taa yangu ilikuwa imechomekwa na swichi yake imewashwa, volti zilivuka uzi wa balbu zikafika kwenye kipande cha nyutro kilichobaki upande wangu, na hapo zikakosa njia ya kurudi. Kwa hiyo kipande kile nacho kikapanda hadi volti zile zile 230 dhidi ya ardhi. Nyaya zote mbili zilikuwa hai, tena kwa kiwango kimoja. Mita hupima tofauti iliyopo kati ya ncha zake mbili, na tofauti kati ya 230 na 230 ni sifuri. Niliiuliza swali moja, ikanijibu kweli tupu, nami nikalichukua jibu lile kuwa ni la swali jingine ambalo sikuwa nimeliuliza.

Tangu siku ile, ninapoona sifuri najiuliza mambo matatu kwa mfuatano: je, saketi imekufa kweli, au chombo changu ndicho kilichokufa, au ncha ya pili nimeigusisha mahali pasipofaa kulinganishwa na chochote? Sifuri hizo tatu hufanana kwenye kioo kama mapacha, wala hakuna namna ya kuzitofautisha kwa kuzitazama tu. Kazi ya kuthibitisha kwamba umeme haupo ni kazi ya kuziondoa sababu mbili za uongo hadi ibaki ile moja ya kweli, na kazi hiyo ina taratibu zake ambazo nitazieleza jinsi ninavyozifuata mwenyewe katika mifumo ya volti 230, nikianzia kabla mita haijatoka kwenye begi.

Kwanza niseme neno kuhusu kiasi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba saketi ya taa ni umeme mdogo. Balbu ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 hupitisha takriban miliampea 260. Mkondo wa miliampea 10 hivi unatosha kuikaza misuli ya mkono kiasi kwamba mtu hushindwa kuachia kile alichokishika, na vifaa vya kulinda watu dhidi ya umeme unaovuja huwekwa vikate vinapofika miliampea 30, kwa kuwa kuanzia hapo, mkondo ukidumu, moyo unaingia hatarini. Balbu moja, basi, hutumia zaidi ya mara nane ya kiwango hicho. Breka ya ampea 10 iliyo kwenye ubao haitajua kabisa kwamba unakufa. Yenyewe iliwekwa kulinda kebo isiungue, na mwili wa binadamu hauvuti umeme wa kutosha kuishtua.

Hatua ya mwanzo ni kukata umeme mahali panapostahili. Swichi ya ukutani si mahali hapo. Nimekutana na nyumba kadhaa ambamo fundi wa awali aliipitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Ukiizima, taa inazima vizuri kabisa, lakini holda ya balbu inabaki na volti zake zote ikikusubiri. Umeme hukatwa kwenye breka au kwa kuchomoa fyuzi, na breka yenyewe hutafutwa kwa kupima, si kwa kusoma maandishi. Lebo iliyo kwenye ubao ni kumbukumbu ya mtu mmoja kuhusu nyumba ilivyokuwa siku moja. Baada ya hapo pengine iliongezwa soketi jikoni, chumba kikagawanywa, taa ya nje ikachukuliwa kutoka kwenye saketi iliyokuwa karibu, na hakuna aliyekumbuka kalamu ya wino.

Breka ikishazimwa hufungwa kwa kufuli. Hapa wengi hucheka, hasa kazi inapokuwa ya nyumbani na ya nusu saa, lakini fikiria mtu anayerudi kutoka kazini, anakuta sebule ina giza, anafungua kisanduku cha breka, anaona moja imeshuka na nyingine zote ziko juu. Atafanya nini? Ataipandisha, na kwa upande wake atakuwa amefanya jambo la busara. Zipo klipu ndogo za plastiki zinazobana mkono wa breka na kupokea kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa yule anayegusa nyaya, hausalii kwenye kufuli wala mezani. Ikiwa ni fyuzi, naondoka nayo. Tukiwa mafundi wawili, kila mmoja anaweka kufuli lake, ili atakayemaliza mapema asimwashie mwenzake umeme kwa nia njema. Pamoja na kufuli huning'iniza kibandiko chenye maneno machache: mtu yuko kazini, usiwashe, na jina langu.

Sasa ndipo mita inapotoka, na jambo la kwanza ninalolipima ni mita yenyewe. Utaratibu huu una sehemu tatu: kupima chombo kwenye umeme unaojulikana kuwa upo, kisha kupima saketi iliyozimwa, kisha kurudi kukipima chombo kwenye umeme ule ule wa mwanzo. Mafundi wengi niliofanya nao kazi huifanya sehemu ya kwanza na ya pili, lakini ya tatu huiruka, na mimi naona ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa inathibitisha kwamba chombo kilikuwa hai pia katika ile dakika kilipotamka sifuri. Niliwahi kuwa na waya wa kupimia uliokatika ndani, sentimita chache kutoka kwenye plagi yake, huku ganda la plastiki likiwa zima na linang'aa. Waya ukinyooka, nyuzi zilizokatika ziligusana na mita ikasoma 229. Ukipinda kidogo kuelekea kushoto, kama unavyopinda mtu anapoinama kufikia boksi la chini, ikasoma sifuri. Nilipoipima kwenye soketi nzima ilifanya kazi. Nilipoinama kwenye boksi nililotaka kulifungua ilisema hakuna umeme. Kilichoniokoa ni kule kurudi kwenye soketi nzima, ambako safari hii nayo ilionekana imekufa, na soketi mbili haziwezi kufa pamoja wakati redio iliyochomekwa kwenye mojawapo bado inazungumza.

Umeme wa kuthibitishia chombo unapaswa kuwa wa aina ile ile utakayoipima. Kuigusisha multimita kwenye betri ndogo ya volti 1.5 kunathibitisha kwamba nyaya zake ni nzima na kioo kinasoma, lakini hakuthibitishi chochote kuhusu upande wa mkondo geu, ambao ndio ulio ukutani, na kama kitufe kimebaki upande wa mkondo mnyoofu, ule wa betri, soketi yenye volti 230 inaweza kuonekana ina sifuri au namba ndogo isiyo na maana. Pale ambapo jengo zima limezimwa na hakuna soketi hai ya karibu, kipo kifaa kidogo kinachobebwa mkononi, chenye betri ndani, kinachozalisha volti za kujaribia testa, yaani chombo cha kuonyesha kama umeme upo. Ni kifaa ambacho nilichelewa sana kukinunua, na sasa hukaa kwenye mfuko mmoja na testa.

Kuhusu testa zenyewe nina maoni, na sitayaficha. Bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini niliiacha kabisa. Taa yake huwaka kwa kupitisha mkondo mdogo sana ndani ya mwili wako kuelekea ardhini, kwa hiyo viatu vyenye soli nene, ngazi ya mbao au mwanga mkali wa mchana vyaweza kukufanya usione kitu hata kama waya uko hai. Na kipingamizi kilichomo ndani, ambacho peke yake ndicho kinachokutenganisha na volti 230, hujui kimeshapata unyevu kiasi gani. Mzee aliyenifunza kazi aliipenda, na alipokosa hata hiyo aligusa kwa mgongo wa mkono, akisema kwamba misuli ikikaza mkono utaondoka badala ya kushika. Nilimheshimu katika mengi, lakini kugusa si kupima.

Kalamu inayolia bila kugusa waya ni jambo jingine. Naipenda na huibeba kila siku, ila kwa kutafutia tu: kujua kebo ipi kati ya sita ndiyo hai, au kufuata waya mahali ulipokatika. Inafanya kazi kwa kuhisi uga wa umeme unaobadilika kupitia ganda la waya, kwa hiyo haisikii mkondo mnyoofu, haisikii kebo iliyofunikwa kwa chuma au iliyopita kwenye bomba la chuma, na mara nyingine hulia mbele ya waya uliokufa kwa sababu tu jirani yake yuko hai. Kalamu ikilia, naamini kwamba kuna jambo. Ikinyamaza, sijui chochote zaidi ya nilivyojua mwanzo.

Multimita ni chombo kizuri kilicho mikononi mwa watu wenye haraka. Kitufe chake cha kuzungusha kina nafasi nyingi, na moja tu ndiyo sahihi. Ncha ikiachwa kwenye tundu la ampea baada ya kipimo cha jana, leo ukigusisha waya wa moto na nyutro unakuwa umeziunganisha kwa njia fupi. Kama fyuzi ya ndani ni ile iliyobadilishwa kwa kipande cha waya, mita inaweza kulipuka mkononi. Ipo pia tabia yake ya kuona mizimu. Upinzani wake wa ndani ni mkubwa, kwa kawaida megaohmu 10 hivi, na kwa sababu hiyo waya uliokufa uliolala kando ya waya hai ndani ya bomba moja unaweza kusomwa kuwa na volti 40, 70 au zaidi, ambazo hutoweka mara tu kitu chochote kinapojaribu kuzitumia. Hatari ya mizimu hii naiona zaidi katika mazoea inayoyajenga: fundi hujizoesha kusema kwamba hizi volti 60 si kitu, kila siku si kitu, hadi siku zinapokuwa kitu. Volti nisizoweza kuzieleza nazichukua kuwa za kweli hadi nitakapozipima kwa chombo chenye upinzani mdogo, kisha zipotee.

Chombo hicho ni testa ya ncha mbili, ambayo haina kitufe cha kuzungusha wala tundu la ampea, haina la kufanya ila kuonyesha volti, na nyingi kati yake huwasha taa ya hatari hata betri ikiwa imekwisha, kwa kutumia umeme ule ule unaopimwa. Kiwango cha kimataifa kinachozihusu ni IEC 61243-3, na namba hiyo huandikwa kwenye mwili wa testa. Karibu nayo utakuta herufi CAT na namba ya Kirumi: CAT II inafaa kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, CAT III kwa ubao wa breka na nyaya za ukutani, na CAT IV kwa pale umeme unapoingilia jengo. Namba hizo zinaeleza jinsi chombo kinavyoweza kustahimili mawimbi ya ghafla ya volti, ambayo huwa makali zaidi kadiri unavyokaribia chanzo. Ncha za chuma ziwe fupi pia. Nazitaka zisizidi milimita 4 za chuma kilicho wazi, ili ncha ikiteleza ndani ya ubao isiguse vitu viwili kwa pamoja. Na kama nyaya za kupimia zina fyuzi ndani yake, ikumbukwe kwamba fyuzi iliyokatika huleta sifuri iliyo safi kabisa, na hapo ile sehemu ya tatu ya utaratibu inakuwa na kazi tena.

Nirudi kwenye sababu iliyonipiga mimi, yaani mahali pa kugusisha ncha ya pili. Kwenye saketi ya fezi moja, yaani yenye waya mmoja wa moto, vipimo ni vitatu: moto na nyutro, moto na waya wa ardhi, nyutro na ardhi. Ningefanya vipimo hivyo vyote siku ile, cha kwanza kingesoma sifuri kama kilivyosoma, lakini cha pili na cha tatu vingesoma 230 vyote, na hapo hata mtu aliyechoka angesimama. Kwenye fezi tatu, zenye nyaya tatu za moto, vipimo vinafika 10: fezi kwa fezi mara tatu, ambako umeme ukiwapo utakuta volti 400, kila fezi na nyutro, kila fezi na ardhi, kisha nyutro na ardhi. Vinaonekana ni vingi. Kwa testa ya ncha mbili, mikono iliyozoea huvimaliza vyote kabla maji ya chai hayajachemka.

Lakini waya wa ardhi nao unaweza kuwa umekatika, hasa katika majengo ya zamani, na ardhi iliyokatika haiwezi kuwa shahidi wa chochote. Kwa hiyo, mahali panaporuhusu kupima kwa usalama, ninachukua vipimo vile vile vitatu kabla sijazima breka na kuviandika kwenye karatasi: kwa mfano 231, 230, na volti moja au pungufu kati ya nyutro na ardhi. Kisha nazima, nafunga kufuli, narudi na kupima upya nikigusa skrubu zile zile. Nikishaona 231 ikigeuka sifuri na 230 ikigeuka sifuri, najua kwamba rejea zangu zilikuwa nzima, na pia nimejua kwamba breka niliyoizima ndiyo yenyewe. Namba iliyoshuka mbele ya macho yangu ina uzito kuliko sifuri niliyoikuta imeshakaa. Tahadhari moja: testa yenye upinzani mdogo ikiwekwa kati ya moto na ardhi inaweza kukiangusha kile kifaa cha miliampea 30, na nusu ya nyumba ikazimika. Huo si uharibifu, ila mwenye nyumba ajulishwe mapema, na jokofu likumbukwe.

Kuna mtego mmoja ambao vipimo hivi vyote haviuoni, nao ni nyutro ya kuazima. Hutokea mara nyingi kwenye taa ya ngazi inayowashwa chini na juu: fundi alichukua waya wa moto kutoka kwenye saketi ya ghorofa moja na nyutro kutoka kwenye saketi ya ghorofa nyingine, kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu. Ukizima breka ya saketi unayoifanyia kazi, nyutro yake bado inarudisha mkondo wa taa inayolishwa na saketi ya pili. Ukipima nyutro na ardhi utapata karibu sifuri, kwa kuwa nyutro bado imeungwa kwenye ubao, nawe utaridhika. Mara tu unapoitenganisha kwenye kiunganishi, ncha moja inabaki na ardhi ya ubao, na nyingine, ile iliyotoka kwenye taa, inapanda hadi volti 230 ukiwa umeishika. Kinachousema ukweli hapa ni mita ya kubana, inayozungushiwa waya na kupima mkondo bila kuukata: nyutro ya saketi iliyozimwa isipitishe mkondo wowote, na ikipitisha hata miliampea mia mbili, kazi inasimama hadi mwenye nyutro hiyo ajulikane. Nikishaitenganisha, napima tena ncha zote mbili kabla ya kuzigusa.

Mtego mwingine nilionyeshwa na kijana niliyekuwa namfundisha, bila yeye kukusudia. Tulikwenda kubadilisha taa ya nje inayowashwa na kihisi cha mwanga. Ilikuwa saa sita mchana. Akazima breka, akapanda ngazi, akaithibitisha testa yake kama nilivyomwelekeza, akapima vipimo vitatu kwenye holda, vyote sifuri, akateremka kuithibitisha tena, akapanda na kunyoosha mkono kufungua skrubu ya kwanza. Kichwa na bega lake vikafunika kile kihisi kilichokuwa juu ya taa. Baada ya sekunde chache taa ikawaka usoni pake. Breka aliyoizima haikuwa yenyewe. Saketi ilikuwa hai muda wote, na kihisi ndicho kilichokuwa kimeikata kwa sababu ya jua. Kijana aliniangalia kutoka juu kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua.

Alikuwa amefuata kila hatua ya kupima, ila hakuwa ameiona taa ile ikiwaka kabla ya kuizima. Saketi isiyo na umeme sasa hivi si lazima iwe imetengwa na chanzo chake. Kihisi cha mwanga, saa ya kuwashia, kidhibiti cha joto kwenye hita ya maji, boya la tangi linaloiwasha pampu: vyote hivi hukata na kurudisha umeme kwa ratiba yao, na testa haiwezi kujua nani aliyeukata. Kwa hiyo kwenye saketi za namna hii hukifunika kwanza kihisi, au hupandisha kidhibiti hadi pampu au taa iwake, ndipo nizime breka nikiishuhudia ikizimika. Na napima upande unaoingiza umeme kwenye kihisi, si upande unaotoka peke yake.

Vyanzo vya pili navyo vimekuwa vingi kuliko zamani. Jengo lenye betri na invata, kifaa kinachougeuza umeme wa betri kuwa mkondo geu, linaweza kuurudisha umeme wenyewe kufumba na kufumbua baada ya wewe kuzima swichi kuu, na jenereta lililochomekwa vibaya huweza kuusukuma umeme kinyumenyume hadi kwenye nyaya za mtaani. Paneli za sola hazina swichi ya jua: mradi kuna mwanga, nyaya zinazotoka juu ya paa ziko hai, na paneli nyingi zilizounganishwa kwa mfululizo zinaweza kufikia volti mia kadhaa za mkondo mnyoofu, ambao kalamu inayolia haiusikii na ambao cheche yake haizimiki kirahisi kama ya mkondo geu. Ndani ya invata na mitambo inayodhibiti kasi ya mota kuna kapasita zinazobaki na chaji baada ya kukata umeme. Kibandiko chake husema zisubiriwe dakika ngapi, na baada ya kusubiri hupimwa kwa upande wa mkondo mnyoofu, kwani kusubiri peke yake hakumwagi chochote ikiwa kipingamizi cha kuzimwagia kimeungua. Kwenye mitambo mikubwa ya volti nyingi, nyaya huunganishwa pamoja na kufungwa kwenye ardhi baada ya kupimwa, ili hata mtu akiwasha kwa makosa, umeme uishie hapo. Hiyo ni kazi ya waliosomea, nami huwaachia wenyewe.

Jambo dogo la mwisho kabla sijarudi kwenye soketi yangu: kipimo huchakaa kwa muda. Nikienda kula, nikipigiwa simu ya dakika 20, au nikifika kwenye boksi la pili la saketi ile ile, napima upya, kwa sababu boksi moja huweza kubeba saketi mbili, na kwa sababu siko peke yangu ndani ya nyumba. Kila waya ninaoufikia kwa mara ya kwanza ni mgeni kwangu, hata kama ndugu zake wote nimeshawapima.

Siku ile, mikono ilipotulia, nilikwenda kwenye ubao nikazima breka ambayo ningeizima mwanzo. Kufuli sikuwa nalo wakati huo. Nilichomoa ufunguo wa kisanduku nikauweka mfukoni na kumwomba mwenye nyumba asimruhusu mtu kukikaribia. Nikaithibitisha mita kwenye soketi ya chumba cha pili, nikapima nyaya zote tatu kwa jozi, nikaithibitisha tena, kisha nikafungua boksi lililo nyuma ya kabati, upande wa kuelekea ubaoni. Nyutro ilikuwa imelala peke yake pembeni ya kiunganishi, ncha yake imekuwa nyeusi na ganda limekauka kwa joto la muda mrefu, kwani skrubu iliyopaswa kuibana haikuwahi kukazwa sawasawa. Nilikata sehemu iliyoungua, nikachuna upya, nikabadilisha kiunganishi na kukaza. Breka ilipopanda, taa ya majaribio, ambayo safari hii niliiacha mahali pake kwa makusudi, iliwaka kabla sijarudi chumbani, nami nikaenda kupima hivyo hivyo: 231, 231, na chini ya volti moja.